Sifuri Nukta Tatu Tisa

Barua ile niliiandika mimi, kwa hiyo nianze na hilo.

Naitwa Aidah. Nimekulia Bukoba, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko, na huu ni mwaka wangu wa sita kama nesi wa kiwanda cha unga wa uji wa watoto pale Masoro, katika nchi waliyoikimbia. Kazi yangu ya kila siku si kubwa: vidole vilivyobanwa, macho yaliyoingia vumbi la soya, shinikizo la damu la mkurugenzi. Mwaka jana mnunuzi wetu mmoja wa nje alileta sharti jipya. Kila anayegusa unga apimwe kifua kikuu kwa kipimo cha damu, na majibu yawe kwenye faili kabla ya mzigo unaofuata kusafirishwa.

Watu wa maabara moja ya binafsi walikuja siku mbili mfululizo, wakachukua damu ya wafanyakazi mia moja na arobaini, chupa nne ndogo kwa kila mmoja. Wiki moja baadaye majibu yakaja kwenye karatasi ndefu: jina, nambari, na mwisho wa mstari neno hasi au chanya. Watano walikuwa chanya. Mkurugenzi akasema hao watano wakae nyumbani kwanza. Nikaandika barua tano zinazofanana, nikazigonga muhuri, nikaanza kuwaita mmoja mmoja.

Wa tatu alikuwa Gaudiose. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amelelewa Bujumbura, na ndiye anayesimamia mizani ya mwisho, pale pakiti zinapotoka kwenda kwenye makatoni. Wale wawili wa kwanza walikuwa wameondoka wakilia. Yeye aliisoma barua yote mpaka muhuri, kisha akainua uso.

"Muganga, nambari yangu ni ngapi?"

"Nambari gani?"

"Hapo kwenye karatasi yako. Kuna nambari kabla ya neno."

Nikaangalia. Nakiri kwamba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitazama safu ile. "Sifuri nukta tatu tisa."

"Na mpaka wenyewe uko wapi?"

"Sifuri nukta tatu tano. Kuanzia hapo ni chanya."

Akafikiri kidogo. "Pakiti ikikaribia mpaka namna hiyo, mimi siitupi, wala siipitishi. Naiweka tena kwenye mizani. Mara nyingine ni upepo wa feni tu."

"Mama Kaliza, hii siyo pakiti."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikamwambia ni utaratibu na mimi ninautekeleza tu. Kisha nikasema, "Ihangane," ile pole ya Kinyarwanda ninayoikimbilia kila nikikosa la kusema. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza yangu na kuondoka.

Kabla ya saa sita kiwanda kizima kilijua. Annick, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akila na Gaudiose meza moja, alikuja kuniuliza kama kikombe cha mwenzake kichomwe au kitupwe. Nikamwambia kikombe hakina kosa, kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo, na hata hivyo Gaudiose haumwi. Lakini nilimwambia yeye peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Ningesema kwa sauti mbele ya wote, mengi yasingetokea.

Jumamosi nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Masaka. Nyumba ya Gaudiose iko mwisho wa barabara ya vumbi, kati ya shamba la maharage na ghorofa jipya ambalo bado halijapauliwa. Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, sahani yake na kijiko chake vimewekwa juu ya tofali pembeni. Binti yake Kaliza, wa darasa la tano, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, hatua kama kumi kutoka kwa mama yake, akimsomea jambo kutoka kwenye daftari kwa sauti ya juu ili amsikie.

Mumewe, Bertrand, fundi wa plasta, alinipokea kwa heshima lakini bila tabasamu. "Siku nne anakula huku nje. Nimemwambia arudi mezani, hanisikii. Labda wewe muganga utasikilizwa."

Nikavuta kiti na kukaa karibu na Gaudiose kabisa, magoti yetu yakikaribia kugusana. Akarudisha chake nyuma.

"Pale ofisini ulikuwa unabishana na mimi kama wakili," nikamwambia. "Huku umejihukumu mwenyewe?"

Aliitazama sahani yake. Kisha akaniambia habari ambayo hakuwa ameisema kiwandani. Alipokuwa na miaka tisa, kule Bujumbura, mama yake mkubwa aliugua kifua kikuu na kufia chumba cha nyuma cha nyumba yao. Gaudiose ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kunywa asubuhi na jioni, na kumshika mgongo alipokohoa. "Kwa hiyo nambari inaweza kuwa ya kweli," akasema. "Labda ninayo tangu wakati ule, na nimemlaza mtoto huyu kifuani kwangu miaka yote."

"Umekohoa hivi karibuni?"

"Hapana."

"Homa? Jasho la usiku? Nguo zimekulegea?"

"Zinanibana."

"Basi nisikilize. Kipimo hiki hakitafuti ugonjwa. Kinaiuliza damu yako kama imewahi kukutana na vijidudu vya kifua kikuu. Hata damu ikisema ndiyo, vijidudu vinaweza kuwa vimelala mwilini, na mtu wa hivyo hamwambukizi yeyote, si mtoto wala mume. Na wakati mwingine damu inasema ndiyo kwa makosa, hasa ikisema kwa sauti ndogo kama yako."

Akanitazama. "Barua yako haikusema hivyo."

Haikusema. Ilisema kwamba amekutwa na matokeo chanya ya kifua kikuu na haruhusiwi kuingia eneo la uzalishaji. Bertrand akageuka akatazama maharage yake ili nisione uso wake.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikampeleka hospitali mwenyewe. Dokta Umulisa, daktari wa kifua, alimsikiliza mapafu, akampiga picha ya kifua, akaagiza damu ichukuliwe upya. Picha ilikuwa safi siku ileile. Jibu la damu lilikuja Ijumaa: sifuri nukta moja nne. Hasi.

"Kwa hiyo mashine ya kwanza ilidanganya?" Gaudiose akauliza.

"Hapana," akasema Dokta Umulisa. "Damu ya mtu mmoja inaweza kupanda na kushuka kidogo kila ikipimwa, kutegemea ilivyobebwa, ilivyotikiswa, ilikaa saa ngapi kabla ya kuingia mashineni. Mtu asiye na dalili, nambari ikiwa imegusa tu mstari, tunarudia kabla ya kumwambia neno lolote. Kuhusu mama yako mkubwa, umefanya vizuri kuniambia. Ukianza kukohoa mwaka wowote ule, njoo uniambie tena."

Mkurugenzi aliyapokea majibu bila ubishi. Kusema kweli alifurahi, kwa sababu tangu Gaudiose aondoke katoni mbili zilikuwa zimerudishwa na wateja. Jumatatu iliyofuata akarudi kwenye mizani yake. Wenzake walimpigia makofi. Annick alimkumbatia haraka, akamwachia haraka, na saa ya chakula akasema ana simu ya kupiga.

Nilidhani habari imekwisha. Kumbe makofi yale yalikuwa yamezaa kitu kingine. Kila kona nilisikia maneno yaleyale: umeona, vipimo vyao ni uongo, wanataka kutupunguza tu. Katika wale wanne waliobaki nyumbani, watatu walikuwa wamekubali kwenda hospitali. Wa nne, Théoneste, mpakiaji wa magunia, hakupokea simu yangu hata mara moja.

Siku ya Alhamisi Gaudiose aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Théoneste amenipigia. Anataka nimfundishe nilichokuambia mpaka ukanirudisha."

"Umemjibuje?"

"Nilimuuliza nambari yake. Aliinakili kwenye karatasi yako siku ya barua; akanisomea kwenye simu, kama mtu anayesoma bahati nasibu. Sita nukta mbili." Akakaa. "Na alikohoa mara tatu tulipokuwa tukiongea. Muganga, yeye si kama mimi. Ameniomba nikuletee maneno yake, kwamba na yeye ni mzima. Nimekuletea, lakini nataka twende wote kwake."

Tulikwenda jioni, jua likiwa bado juu. Théoneste alikuwa amepanga chumba huko Ndera, nyuma ya maduka. Tulimkuta nje akirekebisha mnyororo wa baiskeli, mtu wa mabega mapana, lakini shati lilikuwa limeanza kumkaa kama la kaka yake. Alitupatia benchi, akabaki amesimama.

"Mama Kaliza, umemwambia?" akauliza. Kiswahili chake ni cha kwenye malori, alichojifunza kwa madereva wa kutoka Dar es Salaam. "Mashine yao iko na uongo. Wewe ulikuwa hauna kitu, wakakufukuza. Mimi pia sina kitu."

"Mimi sikusema mashine ni ya uongo," Gaudiose akamwambia. "Watu ndio wamesema, wakalitumia jina langu. Mimi niliomba nipimwe tena. Nilipopimwa, ndipo nikajua. Wewe umepimwa tena?"

"Ya nini? Hiki kikohozi ni vumbi la soya."

"Cha tangu lini?" nikauliza.

"Wiki tatu. Labda nne."

"Magunia umeyaacha wiki mbili zilizopita, Théoneste. Vumbi linakufuata mpaka Ndera?"

Akakohoa, akageuza uso, akatema pembeni na kufukia kwa kiatu. Gaudiose aliinuka, akaenda kusimama karibu naye, upande upepo ulikotoka, kama nilivyomfundisha njiani.

"Nitakuambia kinachokutisha," akasema kwa sauti ya chini, "kwa sababu kilinitisha mimi. Si dawa. Ni sahani. Kwamba utakula peke yako. Mimi nilijitenga uani siku nne, mtoto wangu akinisomea kutoka mlangoni, na hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mzima. Siku zile nilizipoteza kwa sababu sikujua. Wewe pia hujui. Tofauti ni kwamba wewe unakohoa, na chumbani humo mko wangapi?"

Théoneste akautazama mlango. "Watatu. Na mtoto wa dada yangu anakuja Jumapili."

"Ana miaka mingapi?"

"Miwili."

Akakaa kwenye benchi, mikono yake yenye grisi ikining'inia kati ya magoti. Mimi nilikuwa na hotuba nzima tayari kichwani, kuhusu makohozi na dawa na kwamba matibabu ni bure. Nikaimeza. Kisha akauliza, akimtazama Gaudiose na si mimi, "Utakuja na mimi?"

"Kesho niko kazini," Gaudiose akasema. Kisha akanigeukia. "Muganga ataniombea ruhusa."

Nikamwombea. Mkurugenzi alinung'unika kuhusu mizani, lakini akasaini. Asubuhi Théoneste alipewa kikopo cha makohozi na kupigwa picha ya kifua, na mchana tulijua: kifua kikuu, upande wa juu wa pafu la kulia, bado hakijaenda mbali. Gaudiose alisimulia kwamba Théoneste alipoambiwa hakulia wala kubisha, aliuliza tu kama ampigie dada yake asije Jumapili. Wale wawili wa chumbani walipimwa pia, na mtoto akaletwa na mama yake kituo cha afya. Mtoto alianzishiwa dawa za kinga. Wengine hawakukutwa na ugonjwa.

Mimi nilirudi ofisini, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu kipimo hiki kinasema nini na hakisemi nini, nikausoma kwa sauti kwenye zamu zote mbili, kwa Kinyarwanda halafu kwa Kiswahili. Nikaandika pia kwamba nambari ikikaribia mstari na mtu hana dalili, itarudiwa kabla mtu hajaondolewa kazini, na kwamba mwenye kikohozi aje kwangu siku hiyohiyo bila kungoja kipimo cha mwaka. Mnunuzi wa nje aliukubali utaratibu huo kwa barua pepe ya mistari miwili.

Wiki ya kwanza ya dawa Théoneste alinipigia simu saa moja asubuhi akihema. Mkojo wake umekuwa rangi ya chungwa, anakufa. Nikamwambia ni dawa tu, nilisahau kumwonya. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye.

Alipothibitishwa kwamba haambukizi tena, alirudi, ingawa si kwenye magunia. Daktari alimkataza mizigo mizito, kwa hiyo anasimama mlango wa ghala na kalamu, akihesabu malori. Amebakiza mwezi mmoja wa dawa, na anadai kwamba kazi ya kalamu inamchosha kuliko magunia yote aliyowahi kubeba. Annick bado hukaa kiti kimoja mbali na Gaudiose saa ya chakula. Wiki iliyopita, hata hivyo, alikuja kwangu na kikohozi cha siku mbili, akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, na kabla sijamkaribisha akauliza aanzie kipimo gani.