Daftari la Vipimo

Binti alinivuta pembeni, nje ya chumba namba nne. "Daktari, nakuomba. Usimwambie baba ni ugonjwa wa kusahau. Mwambie presha. Presha ameizoea."

Nilikuwa katika wiki ya tatu kazini. Chuoni tulifundishwa kwamba majibu ni mali ya mgonjwa. Hatukufundishwa cha kufanya mtu anapokung'ang'ania mkono wa koti huku macho yamemjaa machozi. Nikaitikia kwa kichwa, kisha sikujua nimeitikia nini.

Ndani, baba yake alikuwa amekaa wima, utepe wa kupimia shingoni. Mtaani wanamwita Mzee Futi. Ameshona nguo miaka arobaini, na mwezi uliopita alishona shati lenye mikono mitatu, kisha akamkasirikia mteja aliyelikataa.

"Koti hilo limekuzidi mabega, mwanangu," aliniambia. "Nani kakushonea, adui yako?"

Nilicheka, nikavuta kiti. "Mzee, majibu yametoka. Nikueleze yote, au nizungumze na binti yako?"

"Mteja akileta kitambaa kisichotosha, namwambia kabla sijakata. Sema."

Sikumtazama binti. Nilisema polepole kwamba ubongo wake unaugua, na ugonjwa wenyewe unafuta kumbukumbu kidogo kidogo. Dawa za kumsaidia zipo, za kuuondoa hazipo. Hatutamwacha peke yake.

Nyuma yangu binti alikuwa analia. Mzee akatoa mfukoni daftari lake la vipimo, akaandika kitu chini ya vipimo vya kifua na kiuno vya mtu fulani, akalirudisha. Tukazungumza kidogo kuhusu cherehani, kama aendelee kushona. Kisha akanitazama kwa upole uleule wa mwanzo.

"Haya, mwanangu. Majibu yangu vipi, bado?"

Nikapotea. Binti alinikazia macho, na nikamwelewa: safari hii nikisema ni presha, mzee asingejua. Nikimwambia tena, si namuumiza upya? Nisipomwambia, si namwibia? Kabla sijaamua, mzee alitia mkono mfukoni.

"Ngoja niandike. Siku hizi nisipoandika..." Akafungua daftari. Akasoma. Kidole kikasimama.

"Mwandiko wangu huu."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe tumeshaongea." Akafikiri. "Nililia?"

"Hapana. Aliyelia ni binti yako."

Akamgeukia. "Huyu tangu utotoni. Sindano nachomwa mimi, analia yeye." Akamsukumia daftari. "Andika hapo: baba akiuliza, aambiwe."

Binti alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Alinitazama kama anayetaka niseme kitu. Mwishowe akaandika.

Mzee akalichukua daftari, akalisogeza karibu na macho, akakunja uso.

"Mbona mwandiko huu si wangu?"

"Ni wangu, baba," alisema binti. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akaanza kumweleza.