Makofi ya Kufunga Kazi

Kampuni ya Akebi, ya michezo ya kompyuta, ilizaliwa juu ya duka la tofu mjini Yonago, Japani, mwaka 1984, na kwa miaka saba haikuwahi kuhama. Aliyepanda ngazi zake alinusa maharage ya tofu yaliyochemshwa kabla hajaona kompyuta hata moja. Mwanzilishi wake, Bwana Kadowaki, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, wanafunzi wake walimpenda zaidi siku asipokuja. Mchezo wake wa kwanza aliuza kwa barua. Wa pili, wa shujaa na wenzake wanaozunguka nchi wakipigana na mazimwi, ulimpatia wachapishaji wa Osaka. Wa tatu uliitwa Taa Tisa, na huo ndio uliobeba riziki za watu sita. Ukipendwa, wangeendelea. Usipopendwa, mwalimu angerudi kwenye chaki yake na wengine wangejua la kufanya.

Chizuru Adachi, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa mchora ramani. Kila mti, kila ukuta na kila mwanakijiji wa Taa Tisa aliwekwa mahali pake na yeye. Mtu wa mchezoni hatembei asipotembezwa. Asubuhi asimame wapi na jioni wapi, hayo yalikuwa juu ya Chizuru.

Siku ya mwisho ya kazi, mwezi wa Oktoba, gari la wachapishaji lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la tofu, dereva akivuta sigara. Kazi ilikuwa imefungwa kwenye boksi, imekabidhiwa. Watu walikuwa wamelala chini ya meza zao wiki tatu. Chizuru alibaki kwenye kiti akiuchezea mchezo kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuukagua. Akamvusha shujaa Mto Tamo. Badala ya kumsalimia kwanza mvushaji, mzee wa mashua ambaye asiposalimiwa njia ya mbele haifunguki, akampeleka shujaa kulala nyumba ya wageni. Mchezo ukajihifadhi, kama ulivyojihifadhi kila shujaa alipolala. Kulipokucha mchezoni, mvushaji hakuwepo.

Chizuru akazunguka ukingo wa mto mara tatu. Hapakuwa na njia ya kwenda mbele wala ya kurudi. Alikuwa amesahau kumweka yule mzee kwenye ramani ya asubuhi. Mchezaji akilala pale, safari yake imekufa, na kilichohifadhiwa kwenye kaseti ya mchezo ni maiti yake.

Wakati huohuo Bwana Kadowaki akasema, "Jamani, simameni. Tufunge."

Wakasimama duara. Kazi ikimalizika hupigwa makofi, matatu, matatu, matatu na moja, kwa mpigo mmoja, na likishapigwa lile la mwisho, jambo limefungwa. Hakuna anayelifungua tena. Muroi, mwandishi wa programu, alikuwa anayumba kwa usingizi, nywele zake ndefu zimemwangukia usoni, anacheka peke yake. Chizuru alifungua mdomo. Kisha akawaza: nani atalala kabla ya kumsalimia mvushaji? Akazima kioo cha kompyuta, akasimama, akapiga makofi pamoja nao. Hakukosea hata pigo moja.

Mchezo ulitoka Desemba. Kufikia Februari barua zilikuwa zinakuja kwa mafungu, na simu haikutulia. Mto Tamo. Mto Tamo. Kumbe watu wengi hulala kwanza. Wamechoka, wamevuka mto, wanaona nyumba ya wageni, walale wapi kwingine?

Muroi alikaa siku nne akiipekua programu yake mstari kwa mstari. Hakuona kosa, na kwa kuwa hakuliona, aliamini limo humo na limemshinda akili. Siku ya tano alikuja kazini kichwa kimenyolewa hadi ngozi. Watu hufanya hivyo wakitaka radhi. Lakini Muroi hakuwa mtu wa nywele hivihivi. Alizifuga tangu chuo.

"Usinitazame hivyo, Adachi," alimwambia. "Mama yangu ameshalia kwa niaba ya wote. Kasema nafanana na yai lililomenywa."

Chizuru alitaka kucheka, kicheko kikageuka mate machungu. Angeweza kusema pale pale. Alimmiminia chai.

Wenye malalamiko makubwa waliendewa nyumbani, kwa boksi la keki za maharage na vichwa vilivyoinamishwa. Jumapili moja Bwana Kadowaki alimwita Chizuru. "Nenda na Muroi. Mwanamke akiwepo, watu hupunguza makali. Na yeye na kile kichwa anatisha, utadhani ametoroka jela."

Walikwenda kwa treni hadi kituo kidogo kilichofunikwa theluji, nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Ikuta, fundi wa mikeka ya tatami aliyestaafu. Barua yake ilikuwa fupi kuliko zote. Hakutukana. Aliuliza tu: *Iko njia ya kutoka?*

Mzee aliwapokea, akawaketisha. Muroi akaweka boksi mbele, akapiga magoti, akashusha paji la uso hadi kwenye mkeka. Chizuru akafuata. Mkeka ulinukia nyasi mpya.

"Inueni vichwa, mtapata baridi," mzee alisema. "Nijibuni tu swali langu."

"Njia haipo, mzee," Muroi alisema bila kuinuka. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika programu. Nimeitafuta kasoro sikuiona, na huo ni uzembe wangu mwingine."

"Masaa sabini na mawili," mzee alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja umri wake. "Mimi vidole vyangu vimekakamaa kwa sindano, ndiyo maana nimechelewa. Kijana angetumia thelathini. Mke wangu yumo humo ndani, hainuki kitandani mwaka wa pili sasa. Mimi nabonyeza, yeye anatazama na kunifokea. Kushoto, baba, kushoto, huoni mlango? Kulala pale ilikuwa amri yake. Alisema hao watu wamechoka."

"Samahani sana, mzee," Muroi alisema.

"Wewe kijana, nywele umenyoa kwa ajili ya hili?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole. Mimi zilinikimbia zenyewe."

Muroi alicheka kidogo, kwa heshima, na kile kicheko ndicho Chizuru alichoshindwa kukivumilia. Mtu kanyoa nywele, anafanyiwa mzaha kwa kosa la mwingine, na anacheka asante. Uso ulimwiva hadi masikioni. Maneno yakatoka kabla hajayapanga.

"Si yeye. Ni mimi. Nilimsahau mvushaji kwenye ramani ya asubuhi. Na niliona. Niliona siku ileile, gari bado liko chini, ningeweza kuita dirishani. Sikuita. Nilisimama nikapiga makofi ya kufunga."

Muroi hakumgeukia. Aliinua kichwa taratibu, akatazama ukutani, na Chizuru akaelewa alichofanya. Dakika moja iliyopita kampuni ilikuwa imekosea; sasa kampuni ilikuwa imekosea ikijua. Alikuwa ameyasema mbele ya mtu baki, ndani ya nyumba ya mtu baki, asiyowahi kuwaambia wenzake kwa miezi minne, na Muroi alikaa pale na upara wake kama mtu aliyevaa nguo za arusi siku isiyo yake.

"Kwa hiyo ulijua," mzee alisema.

"Nilijua."

Mzee alishika birika, akaliweka chini bila kumimina.

Mlango wa karatasi wa chumba cha pili haukuwa umefungwa sawasawa. Sauti ya mwanamke ikatoka humo, nyembamba. "Baba, hebu muulize huyo binti. Wale watu walifika?"

"Fusae, pumzika."

"Napumzika mwaka wa pili. Muulize."

Mzee alisukuma mlango. Mama mmoja mwenye umbo dogo, kichwa kwenye mto, alikuwa anawatazama kwa macho makavu ya ndege. Chizuru alijivuta kwa magoti hadi kizingitini.

"Walifika, mama," alisema. "Waliwasha taa ya tisa."

"Halafu? Yule msichana wa ngoma alimpata mdogo wake? Na mfalme je?"

Chizuru angeweza kumpa mwisho wowote. Angeweza kumpa arusi, mfalme akilia, mdogo mtu akikimbia kutoka milimani. Mama huyu asingefika huko kamwe kuhakikisha. Alimwona akingoja, na ulimi ukamwelekea huko.

"Haisemwi, mama. Nafasi kwenye kaseti ilituishia. Tulikata. Mwisho ni mistari mitatu kwenye kioo cheusi."

"Mitatu?"

"Mitatu."

"Isome basi."

Chizuru aliisoma kwa moyo. *Taa tisa zikawaka. Nchi ikapata amani. Asante kwa kucheza.* Ofisini ile mistari ilionekana inatosha. Humu, mbele ya mtu aliyetazama masaa sabini na mawili akiwa amelala, ilisikika kama risiti ya dukani. Alitamani ajifiche ndani ya mkeka.

Bi Fusae alifikiri kidogo. "Basi hatukukosa mengi," alimwambia mumewe. Kisha akamwambia Chizuru, "Asante, mwanangu, kwa kuja na baridi hii."

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na ndiyo maana ilimchoma.

Njiani kwenda kituoni Muroi alitangulia hatua kumi. Walipofika jukwaani alisema, akitazama reli, "Nilikaa siku nne nikijiita mjinga, Adachi. Siku ya tatu nilifikiri niache kazi hii kabisa. Wewe ulikuwa unaniletea chai."

"Nisamehe, kaka Muroi."

"Sijui. Usiniulize leo." Akajipapasa kichwa. "Nitazisubiri hizi zirudi kwanza, nione nitakuwa nimefikia wapi. Bosi utamwambia mwenyewe?"

"Leo hii. Yuko ofisini."

"Jumapili?"

"Hana pengine pa kwenda."

Ndani ya treni Muroi aliketi akaacha nafasi moja katikati yao. Watu walipopanda, mama mmoja alikaa pale na vikapu vyake, na Chizuru akashukuru.

Duka la tofu lilikuwa limefungwa. Juu, Bwana Kadowaki alikuwa anajibu barua kwa mkono, miguu ameifunika blanketi. Aliinua macho. "Haya, vipi? Wamewapokeaje?"

Siku zote Muroi ndiye aliyejibu. Safari hii alikwenda kona ya makoti, akavua lake, akalikung'uta theluji, akalitundika, akalitundua, akaanza kulikunja mikono mmoja mmoja kama anayefunga zawadi.

Chizuru akasogea mbele ya meza. Hakuketi.