Magoti Mawili ya Pakize

Ijumaa ile uzi wa Pakize ulikatwa na mtu asiyetakiwa.

Kijijini kwao, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Kayseri, mtoto akichelewa kutembea hufungwa miguu pamoja kwa uzi wa sufu, akapelekwa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Mwanamume wa kwanza kutoka baada ya sala hupewa mkasi, akaukata. Hapo kifungo kimefunguka, mtoto atatembea; tena atatembea kwa mwendo wa aliyemkatia. Ndiyo maana Bi Kezban, bibi yake Pakize, alikuwa ameshapatana na kijana mmoja wa jirani, mpiga mbio wa shule, asali safu ya nyuma na atoke kama mshale.

Alichosahau ni kwamba safu ya nyuma kabisa, pale kwenye viti karibu na mlango, husali wenye magoti mabovu. Imamu alipotoa salamu tu, pazia likafunuliwa, na aliyetokeza alikuwa Mzee Veysel, fundi wa kupigilia farasi nali, vile vyuma vya kwato, fimbo mkononi, akitafuta viatu vyake kwa ncha ya fimbo.

"Si wewe!" Bi Kezban akapiga kelele. "Rudi ndani!"

"Nirudi kufanya nini, mama Dursun? Kusali nimeshasali."

"Subiri atoke mwingine!"

"Lete huo mkasi. Mabovu ni magoti, mikono yangu ni mizima."

Akaukata. Na jioni ileile Pakize, mwenye mwaka na miezi mitano, akaachia ukuta akatembea hatua sita katikati ya chumba. Wote wakapiga makofi. Kisha makofi yakafifia, maana kila alipokanyaga mguu wa kushoto, mtoto aliinama upande kama bata aliyeshiba.

"Veysel!" akasema Bi Kezban, akijipiga paja. "Mtazameni, Veysel mtupu! Bado fimbo tu!"

Wiki nzima kijiji kilicheka. Mzee Veysel mwenyewe alikuja kulalamika mlangoni kwamba wanawake wanamwita mwambukizaji, na kwamba farasi wote aliowapigilia nali wanatembea vizuri, nendeni mkawaulize. Bi Kezban akampa bilauri ya maziwa mgando ya chumvi ili anyamaze, akatangaza kwamba Ijumaa ijayo uzi utafungwa upya na kukatwa na mtu wa maana, hata kama itabidi viti vyote vya msikitini vihamishwe.

Sati alikuwa binti wa mwisho wa Bi Kezban. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisoma hadi darasa la tano, kisha akakalishwa mbele ya mtambo wa kufumia mazulia, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kufunga mafundo na kutazama. Kilichomkereketa kilikuwa kitu kidogo: Pakize alianza kuchechemea Jumatano, siku mbili kabla ya ule mkasi. Alimwona kwa macho yake akijishika ukutani, akisogea hatua za kando, mguu wa kushoto ukigusa sakafu kwa vidole tu. Na Jumatano Mzee Veysel alikuwa kwenye kibanda chake akipigana na nyumbu. Alimwambukiza vipi?

"Wifi," alimwambia Nurten, mama yake mtoto, walipokuwa wakichambua dengu. "Wewe unadhani ni nini?"

"Mifupa laini. Hajaota jua la kutosha. Baridi ilikuwa kali mwaka huu."

"Mifupa laini ya mguu mmoja?"

Nurten akainua macho, akayarudisha kwenye dengu.

"Nitawaambia mimi ni nini," Bi Kezban akasema kutoka kwenye godoro lake la ukutani, goti limezungushiwa jani la kabichi. "Ni huyu mama yake kumfungua mapema. Dursun nilimfunga mwaka mzima tangu azaliwe, miguu imenyooka, nguo imekazwa kama ngoma. Mnamwona alivyo? Kama mti wa mpopla! Huyu miezi sita tu, kafunguliwa. Eti analia."

"Alikuwa analia, mama," Nurten akasema.

"Watoto hulia. Ndiyo kazi yao."

Siku ile, Sati alipombadilisha Pakize nepi, alimtazama kama anavyotazama zulia. Zulia zuri lina nusu mbili zinazofanana. Ukifunga fundo moja zaidi upande huu, ua la upande ule litapotoka, na huwezi kumdanganya mnunuzi. Paja la kulia la Pakize lilikuwa na mikunjo miwili. La kushoto lilikuwa na mitatu, na mmoja ulikuwa mrefu, umezunguka hadi nyuma. Sati akahesabu tena, asije akawa anaona anachotaka kuona. Akamlaza chali, akamkunja magoti, akaweka nyayo zote mbili sakafuni, sambamba. Goti la kulia lilisimama juu. La kushoto lilikuwa chini yake, kwa upana wa vidole viwili.

Akajaribu kumpanua. Mguu wa kulia ulianguka kando kama ukurasa. Wa kushoto ulikwenda nusu ya njia ukagoma. Pakize alikuwa akicheka, akidhani ni mchezo. Hakuumwa hata kidogo, na hilo ndilo lililomshangaza Sati kuliko yote: kitu kisichouma, na bado hakiko sawa.

Jumatatu alipokwenda zahanati kumchukulia mama yake dawa ya maumivu, alimweleza muuguzi. Muuguzi aliacha kuandika.

"Nani kakufundisha kupima magoti hivyo?"

"Hakuna. Nilitaka tu kujua ule mfupi ni upi."

"Basi nisikilize, dada. Hiyo huenda ni nyonga. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa kinakaa ndani ya kikombe. Cha huyo mtoto huenda kiko nje. Mpelekeni hospitali ya mjini, msingoje. Kila mwezi anaotembea hivyo, kina cha kikombe kinazidi kupungua na kichwa kinazidi kuzoea pasipo pake. Sasa hivi pengine watakirudisha kwa mikono. Baadaye ni kisu. Na baadaye zaidi hata kisu hakitoshi." Akaandika barua, akaikunja.

Dursun, baba yake Pakize, alikuwa chini ya trekta Sati alipomfikishia barua ile.

"Kaka, njoo umwone mwenyewe. Dakika moja."

"Mama kasema Ijumaa uzi unakatwa upya."

"Ukikatwa, goti litapanda?"

"Wewe umekuwa daktari lini, Sati? Kwa kufunga mafundo?" Alitoa kichwa, uso umejaa grisi, lakini hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. "Tukienda mjini kabla ya Ijumaa, tumemwambia mama mbele ya kijiji kizima kwamba ufungaji wake ulikuwa mbaya na uzi wake ni upuuzi. Tungoje. Isipofaa, baada ya mavuno tutakwenda."

Baada ya mavuno. Sati akahesabu kwa vidole: miezi minne.

Jioni ya Jumatano alikuwa akimkanda mama yake kwa siki na mafuta. Bi Kezban alilala chali, magoti juu, akiugua. Goti la kushoto lilikuwa likimtesa miaka ishirini. Tena alichechemea, na siku zote alisema ni punda aliyemwangusha utotoni. Alikwisha kulipaka siki, asali, lami ya msonobari, alikwisha kuliacha liumwe na nyuki kwa makusudi, na bado liliuma.

"Hapo?" Sati akauliza.

"Hapo. Hapana, juu. Juu zaidi."

"Hapa ni kwenye kinena, mama. Si goti."

"Linaanzia huko linashuka. Najua mimi? Kanda tu."

Sati akakanda. Kisha mikono yake ikasimama. Nyayo za mama yake zilikuwa sambamba kwenye godoro. Goti la kulia lilikuwa juu. La kushoto lilikuwa chini.

"Mbona umeacha?"

"Mama, yule punda aliyekuangusha ulipokuwa mdogo, alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi. Kwa nini?"

"Mwaka jana ulisema wa kijivu."

Bi Kezban akageuzia uso ukutani. "Punda huzeeka," akasema.

Pakize alikuwa amekuja kwa mwendo wake wa bata, akapanda godoro. Sati hakupanga alichofanya. Alimlaza mtoto ubavuni mwa bibi yake, akamkunja magoti, akaziweka nyayo zake sawa. Mtoto akatulia, akichezea ushungi wa bibi. Magoti manne yakawa yamesimama safu moja: juu, chini, juu, chini.

Nurten aliingia na sinia la supu. Akatazama. Akaliweka sinia sakafuni polepole, lakini supu ikamwagika hata hivyo.

"Mnatazama nini?" Bi Kezban akasema. "Nyinyi wawili, mnatazama nini?"

Akajiinua kwa kiwiko, akatazama alipokuwa akitazama binti yake. Alitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono, akashusha goti la kulia la mjukuu wake kwa kidole, akaliachia likapanda tena. Kisha akaweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe.

"Lete taulo," akasema. "Supu inaingia kwenye zulia."

Wakati Nurten akifuta, Bi Kezban akaongeza, kama anayesema habari ya hali ya hewa: "Ijumaa hakuna uzi. Mwambieni Dursun aoge. Kesho mjini."

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mchuuzi. Alimpanua Pakize, akampima, akamtuma apigwe picha ya mifupa, akarudi nayo akaitundika kwenye taa. Nje kulikuwa na watu wanangoja na mlango haufungiki vizuri.

"Yuko mtu mwingine katika familia mwenye shida ya nyonga? Aliyezaliwa nayo? Anayechechemea?"

"Hakuna," Dursun akasema haraka. "Mama yangu anachechemea, lakini yeye aliangushwa na punda."

Daktari akaanza kuandika. Sati aliangalia mikono yake mwenyewe. Angeweza kusema. Lakini lile halikuwa lake kulisema. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa pale, ushungi umeshushwa hadi nyusi.

"Futa hiyo," Bi Kezban akasema.

"Samahani?"

"Hakukuwa na punda." Sauti yake ilitoka kubwa, na walio nje wakageuza vichwa mlangoni. "Nilizaliwa hivi. Mama yangu aliniambia, ukiulizwa, sema punda. Aliyeanguka huolewa, aliyezaliwa na kasoro atawazalia wengine wenye kasoro. Nikasema punda. Baba yao amekufa hajui." Akamgeukia Dursun. "Funga mdomo, nzi wataingia."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakucheka, wala hakumhurumia kwa sauti. Akaeleza kwamba kitu hiki hutembea katika koo za watu, na wasichana hukipata zaidi. Kwamba mtoto wa namna hiyo akifungwa nguo miguu imenyooshwa na kubanwa, kichwa cha mfupa husukumwa nje. Kwamba akiachiwa magoti yakunjwe na kupanuka kama chura, mara nyingi kikombe hujitengeneza chenyewe. Na maumivu ya goti la bibi, hayo yanatoka kwenye nyonga iliyosagika, ndiyo maana kabichi haikufika.

"Mwaka mzima," Bi Kezban akasema, "ningemfunga mwaka mzima kama huyu mama yake asingekuwa mkaidi." Akamgusa Nurten begani, kidogo tu, kisha akatoa mkono.

"Atapona?" Sati akauliza.

"Amechelewa, lakini hajachelewa sana. Nitampa usingizi, nijaribu kukirudisha kwa mikono, halafu nimfunge hogo, ile plasta ngumu, kuanzia kiunoni, miguu imepanuliwa, miezi mitatu au zaidi. Kikigoma, itakuwa kisu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Kazi hiyo ilifanywa Jumanne iliyofuata. Kwa muda wa saa mbili walikaa kwenye benchi wakigawana mkate ambao hakuna aliyeula. Daktari alipotoka alikuwa na jasho kwenye paji la uso, na mkononi picha mpya. Akaiinua dirishani ili wote waione. Dursun aliitazama na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nurten alilia, akauliza kama mtoto amekula. Sati aliisogelea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akifuata kwa kidole ule mviringo mweupe, jinsi ulivyolala kwenye kivuli cha kikombe chake, upande wa kushoto sawa na wa kulia.

Bi Kezban akamsogeza kando kwa fimbo.

"Niache nami nione." Akafinya macho. Akaweka ncha ya kidole gumba juu ya ule mviringo, ukafunikwa wote. "Ndicho hiki?"

"Ndicho hicho, mama."

"Kadogo hivi," akasema, na hakuondoa kidole.