Breki za Torleiv

Kiharusi kilipompata Torleiv, maneno yote yalimtoroka isipokuwa moja, nalo lilikuwa "shetani". Akitaka kahawa, shetani. Mchungaji alipokuja kumjulia hali, alipokewa kwa shetani mlangoni na kusindikizwa kwa shetani hadi getini. Gunnvor, bintiye aliyerudi kumuuguza kwenye shamba lao juu ya fiodi, ule mkono wa bahari uingiao kati ya milima, alikuwa akicheka mbele ya wageni na kulia bafuni.

Mwezi wa Mei alibadilisha paipu ya breki ya nyuma ya gari la mzee, iliyokuwa imeliwa na kutu. Upepo ukaingia kwenye mafuta ya breki, pedali ikawa inazama hadi sakafuni. Na njia ya kwenda kwenye kivuko ni mteremko mtupu. Akaazima kwa jirani pampu ya kutolea upepo, ile ambayo mtu huitumia peke yake, asije akamsumbua baba.

Alikuwa ameshaliweka gari juu ya stendi aliposikia mkongojo kwenye kokoto. Torleiv alikuwa amevaa ovaroli juu ya nguo za kulalia. Akaitazama pampu.

"Shetani," akasema.

"Inafyonza yenyewe, baba. Wewe kaote jua."

Mzee akampita, akafungua mlango wa dereva, akaingia taratibu. Mguu wa kulia, uliolegea, akauinua kwa mkono kama mzigo. Wa kushoto akauweka kwenye pedali, akatulia.

Gunnvor akazitikisa stendi kuona kama ziko imara, akaiweka pampu kando.

"Haya. Ila nikiwa huku sikuoni. Ukikanyaga na kushikilia, sema 'chini'. Nikishafunga nitasema 'juu', ndipo uachie. Ukiachia mapema upepo unarudi. Na usiniambie shetani, maana sitajua umekanyaga au umenuna."

Akalala ubavu kwenye gurudumu la nyuma kulia, lililo mbali na pedali kuliko yote. Akavisha spana kwenye skrubu ndogo ya kutolea upepo, akachomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake ikazama kwenye mafuta safi ndani ya chupa ya jamu. Akasubiri. Kule mbele kiti kililia, mzee akavuta pumzi. Gunnvor alikuwa tayari anajikusanya ainuke akachukue pampu.

"Chi," ikasikika. "Chi... chini."

Akafungua. Mafuta meusi yakatoka yakibwabwaja mapovu. Akafunga.

"Juu," akasema.

"Chini."

Wakaenda hivyo, gurudumu hadi gurudumu, Gunnvor akiinuka kila mara kuongeza mafuta chini ya boneti. Kwenye gurudumu la mwisho alikawia akijifuta macho kwa kiwiko.

"Chini," mzee akafoka. "Chini, chini."

"Nimesikia, baba. Mbona una haraka kama unadaiwa."

Mapovu yakakoma. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gunnvor akalishusha gari, akamhamishia mzee kiti cha abiria, akashika usukani; akaijaribu kwanza uani, kisha wakateremka polepole hadi kivukoni, gari likisimama kila alipotaka lisimame. Akanunua chapati mbili nene za maziwa zenye jibini la kahawia, wakala ndani ya gari vioo vikiwa wazi.

"Asante, baba," akasema. "Peke yangu nisingeweza."

Uongo huo mzee aliujua. Aliikanyaga sakafu kwa mguu wa kushoto kana kwamba pedali iko pale, akatabasamu upande mmoja wa uso, akaendelea kutafuna. Gunnvor hakuwa mtu wa kanisani, lakini siku hiyo alishukuru kwa kila kitu, hata kwa kutu.