Bega la Baba Mkwe

Mwanangu Mugisha alipozaliwa, babu yake Sebahire hakuweza kumpakata. Bega lake la kulia lilikuwa limekaza tangu msimu wa kahawa. Mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma. Aliketi uani akimtazama mjukuu kwa mbali, kama mgeni.

Hospitalini walisema hakuna mfupa uliovunjika. Bega likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, lisuguliwe taratibu, kisha mkono uinuliwe kidogo kila siku. Mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona jinsi ya kufanya. Lakini kwetu Kiruruma mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata chai namwekea kwenye kigoda, kisha naondoka.

Mama mkwe, Mackrine, akajaribu. Viungo vya vidole vyake vinamuuma siku za baridi, havina nguvu.

"We mwanamke, unanikanda au unanitekenya?"

"Nyamaza, mzee. Ungeoa mtwanga kahawa."

Niliona aibu kusema, ila nikasema. "Mama, lete mikono."

Niliipaka samli ya uvuguvugu, nikaikanda kidole kimoja kimoja, polepole, mpaka akafumba macho.

"Sasa mfanyie Baba hivyo hivyo," nikamwambia.

Nikakaa nyuma ya mlango, Mugisha mgongoni.

"Tumia kiganja, Mama, siyo ncha za vidole. Shuka kuelekea mgongoni."

"Mackrine," Baba akaita, "mwambie huyo askari wa nyuma ya mlango kwamba hapo amepatia."

Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Tukaendelea hivyo kila jioni: kwanza mikono ya Mama, kisha bega la Baba. Mkono ukafika kidevuni, baadaye sikioni.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, nilimlaza Mugisha kwenye mkeka mbele ya Baba, nikarudi mlangoni. Mama akainama amchukue, ampe.

"Mwache."

Baba akainama mwenyewe. Safari hii mkono wa kulia haukugoma. Akamwinua mtoto mpaka kifuani, akamwegemeza kwenye bega lile lile. Mugisha akamshika ndevu, akavuta.

"Mackrine," Baba akasema bila kugeuka. "Mwambie mama Mugisha mikono yake imenifikia."

"Yuko hapo mlangoni, mzee. Amesikia."