Dirisha la Baba Mdogo

Fundi alipopachika tofali la mwisho la kuziba dirisha, mchoraji alikuwa mezani anakunywa chai. Mwenye nyumba alitaka stoo mpya iegemee ukuta ule, na dirisha lilikuwa kikwazo. Chumba kikawa giza totoro. Mchoraji alimaliza chai yake kwa kupapasa, akawasha mshumaa, akatundika turubai la kuchorea palipokuwa na dirisha, akachora mwanga wake wa zamani: wa asubuhi, wa pembeni, unaotua kwenye birika na kuuacha ukuta wa pili kivulini. Rangi ilipokauka, mwanga ukaanza kuingia.

Binti wa kaka yake, mshonaji, alikuta birika linang'aa. Akaweka chakula chini, akatoa simu. Alipenda kupiga picha, ila watu wake wote walitoka wamekunja macho juani kama waliofumaniwa.

"Unampiga picha au unamhoji?" mchoraji alimtania alipoonyeshwa mojawapo. "Mgeuze. Mwanga uguse shavu moja, la pili liachie siri zake."

Akajifunza. Akapiga birika, akapiga mikono ya mzee, akapiga shavu lake moja. Picha zilimtoa machozi. Lakini kifua cha mzee kilipiga filimbi, na ukungu wa unyevu ulikuwa umepanda ukutani hadi darini. Mwanga uliingia, hewa haikuingia. Kila alipobisha hodi, mshonaji alisubiri kwanza asikie kikohozi. Kikichelewa, alibisha tena kwa nguvu zaidi.

Akazipeleka picha kwa afisa wa makazi, kushtaki.

"Mdogo wangu, hiki ndicho chumba cha giza?"

"Ndicho, dada. Dirisha limezibwa."

"Mbona kinapendeza hivi?"

"Huo mwanga umechorwa."

"Umechorwa, haukuchorwa, umeingia," afisa alisema, akiivuta karibu picha ya birika. "Una mkono mzuri, wewe."

Mshonaji akarudi mbio, akageuza turubai likatazama ukuta, akapiga tena. Afisa akaitazama picha ile nyeusi tii.

"Hii hata mimi naipata nikifunika simu kwa kiganja. Na kikohozi hakionekani pichani, mpenzi."

Habari zikamfikia mwenye nyumba. Akaja na fundi wake, akavua viatu mlangoni kwa heshima, akasimama kwenye mwanga akijipangusa jasho.

"Kumbe tulikuwa tunahangaika na madirisha bure! Mzee wangu, utanichorea na vyumba vya nyuma."

"Vyumba vya nyuma vina madirisha," mshonaji alisema.

"Leo vinayo," mwenye nyumba alijibu kwa upole. Uani, matofali yalikuwa yanashushwa.

Walipoondoka, mchoraji alikohoa hadi akashika meza. Mshonaji akafungua mlango. Ukumbini kulikuwa na joto lile lile. Akatafuta cha kumpepea, akakosa, akachukua picha ya birika aliyoichapisha kwenye karatasi ngumu. Akasimama mbele yake, akapepea kwa nguvu zake zote, akisikiliza filimbi ile ikipanda na kushuka.

Mzee alikuwa ameshashika brashi mbele ya turubai jipya.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Unanikingia mwanga."