Patasi za Nkambo

Siku ya kumi na tisa ya kusubiri treni kwenye stesheni ya Kolwezi, Stanislas alipata nusu kopo la mafuta machafu kwa fundi wa treni, akambadilishia shati lake la ndoa.  Mkewe Tshibola alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa kando ya reli, akimpepea binti yao Charlotte aliyekuwa akiharisha tangu juzi. Kulia familia, kushoto familia, mbele hadi kwenye tangi la maji familia. Wote watu wa Kasai, au tuseme mababu zao ndio waliotoka Kasai, maana wengi wao hawakuijua hata kwa picha. Mwaka huo wa 1993, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, hilo halikumsaidia mtu.

Akafungua gunia. Randa mbili, msumeno, patasi nne, zote za nkambo wake, yaani babu yake, aliyeletwa mwaka wa arobaini na mbili kuwa seremala wa kampuni ya shaba. Stanislas naye alikuwa seremala wa kampuni hiyohiyo, lakini alizoea mashine za umeme, ndiyo maana zana za mzee zilikaa miaka chini ya kitanda zikiliwa na kutu. Walipofukuzwa nyumbani, vijana wa mtaa walibeba redio, vitanda, hata milango. Gunia la vyuma vyenye kutu walilipiga teke wakaliacha. Sasa ndilo lililobaki. Huko Mwene-Ditu walikokuwa wakipelekwa hakuwa na ndugu wala kiwanja, na bila gunia hilo angefika mikono mitupu, aombe kwa watu.

Akasaga kipande cha tofali, akachanganya unga wake na mafuta, akasugua kwa kufuata urefu wa chuma, kama mzee alivyomfundisha utotoni. Siku ya pili ya kusugua, kutu ikaanza kuachia. Kwenye kisu cha randa zikatokea herufi za kampuni, na chini yake namba: 2086. Ilikuwa matrikule ya mzee, namba yake ya kazi. Zamani kila seremala aligongewa namba yake kwenye zana zake, na mzee alipostaafu alipewa aondoke nazo. Stanislas alicheka kwa furaha, na hapo stesheni kicheko kilikuwa karibu na aibu.

"Tshibola, ona! Namba ya nkambo!"

"Irudishie kutu yake," mkewe alisema. "Kintu ya kungaa inaita macho."

"Hapana, mama. Hii njo ushuhuda. Mutu akisema tuko bageni, hii namba itamujibu."

Maskini Stanislas! Aliamini kwamba ukweli ukiandikwa kwenye chuma, watu watausoma.

Siku ya tatu zana zote zilikuwa zinang'aa. Ndipo Mwenze akapita na vijana wake wenye fimbo. Mwenze huyu alikuwa akifagia vumbi la mbao katika karakana ya kina Stanislas. Sasa alikuwa mkubwa wa vijana wa mtaa, na kazi ya Stanislas alikuwa ameahidiwa yeye.

"Tata Stanislas, nini ile inangaa?"

Stanislas akainuka, akaonyesha mwenyewe. "Ona namba, Mwenze. Nkambo wangu alitumikaka hapa mbele baba yako hajazaliwa."

Mwenze akasoma taratibu, kidole juu ya chuma. "Minaona jina ya kampuni. Jina yako siioni."

"Balimupatiaka wakati wa pensheni."

"Barua iko wapi?"

Barua ilikuwa ndani ya nyumba. Nyumba ilichomwa, na Mwenze alikuwepo.

"Tata, munatoka Katanga na bintu ya Katanga. Hii njo bwizi."

Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Hawakusema akirithi huambiwa nini.

Kijana mmoja akachukua randa, akaitua juu ya kokoto, kisu chini. Stanislas akaruka kabla ya kufikiri, akailaza ubavu. Fimbo zikainuka. Mwenze akazizuia kwa mkono.

"Unailalisha sababu ya nini?"

"Kisu itaharibika."

"Ah bon, kumbe." Mwenze akachukua patasi moja, akaigusa ncha. "Zinakata?"

"Niliondoa kutu tu. Sijanoa."

"Basi noa. Yote. Mi siku ya lundi naanza kazi, na kunoa sijue."

Stanislas akanoa. Hasira ilimjaa hadi macho yakamuuma, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Alinoa visu vya randa, akanoa patasi tatu, Mwenze akiwa amekaa juu ya sufuria ya Tshibola iliyopinduliwa. Saa saba mchana treni ikaingia, mabehewa matupu ya mizigo, na stesheni nzima ikasimama kwa kelele. Tshibola akamfunga Charlotte mgongoni.

"Stanislas! Twende!"

"Patasi moja bado, tata," alisema Mwenze, na fimbo mbili zikamzibia njia.

Umati ukamsomba Tshibola. Stanislas alikiona kitambaa cha kichwa cha mkewe mara moja, mlangoni mwa behewa la tatu, kisha hakukiona tena.

Patasi ya mwisho ilikuwa juu ya jiwe. Angepinda kiganja kidogo tu, makali yangeharibika, na mfagiaji yule asingejua hadi Jumatatu, hiyo lundi yake ya kuanza kazi. Alijaribu. Mkono ulikataa, ulifundishwa njia moja tu. Treni ikapiga honi. Akayapima makali kwenye mkono wake, vinyweleo vikaanguka. Akaifuta patasi kwa upindo wa suruali, akamkabidhi Mwenze kwa upande wa mpini, asije akajikata.